Mafuta ya Gari la Nitro Yanaishia Wapi?

"Linakwenda dakika ngapi?" Zunguka eneo la piti, kule magari yanakotengenezwa na kujazwa mafuta, kabla ya fainali yoyote ya magari madogo ya rimoti yanayotumia mafuta ya nitro, na utalisikia swali hilo kila meza. Halihusu kasi. Anayeuliza anataka kujua gari lako, tangi likiwa limejaa, litakimbia muda gani kabla injini haijaanza kukohoa. Ukijibu nane, hakuna anayeshtuka. Ukijibu tisa, watu wanasogea waangalie bomba lako la moshi. Ukijibu kumi wanaondoka wakicheka, maana kwenye mchezo huu hakuna namba inayotiwa chumvi kama hiyo.

Mimi chumvi hainisumbui. Linalonisumbua ni swali lenyewe, kwa sababu linachukulia kwamba kila dakika ina thamani sawa. Ipo dakika inayokupa ushindi na ipo dakika isiyokupa chochote, na huwezi kuzitofautisha kwa kusikiliza injini. Unahitaji karatasi na kalamu.

Chukua bagi ya 1/8, gari la rimoti la uwanja wa vumbi, lenye ukubwa wa moja ya nane ya gari halisi na injini ya cc 3.5. Tangi lake kwa kanuni za kimataifa halizidi cc 125, na wakaguzi wanapolipima huhesabu pia mafuta yaliyomo kwenye chujio na kwenye mpira unaokwenda kabureta, kwa hiyo ujanja wa kuweka mpira mrefu ulishazibwa zamani. Fainali ya ubingwa wa dunia wa IFMAR, shirikisho la kimataifa la mbio za magari ya rimoti, kwa bagi hizi huchukua saa 1 nzima. Tuseme mzunguko mmoja wa uwanja unakuchukua sekunde 40. Saa 1 ni mizunguko 90, na kengele ikilia unamalizia ule uliomo, basi tuandike 91.

Gari linalomudu mizunguko 12 kwa tangi litahitaji matangi 8. La kwanza unaanza nalo, hivyo utasimama kujaza mara 7. Gari linalomudu mizunguko 13 litahitaji matangi 7 kamili, hivyo utasimama mara 6. Sawa, hapo umepata kitu. Sasa ongeza bidii, ufike mizunguko 14: bado mara 6. Ufike 15: bado mara 6. Mpaka ufike 16 ndipo zinabaki mara 5. Kwa maneno mengine, fundi aliyelala saa nane usiku akilitoa gari kwenye mizunguko 13 na kulifikisha 15 hajapunguza hata kituo kimoja, ilhali jirani yake aliyeongeza mzunguko mmoja tu, kutoka 12 hadi 13, amejiokolea kituo kizima.

Na usidhani ngazi hizo zinakaa mahali pamoja. Fainali ikiwa ya nusu saa, mizunguko ni kama 46. Mwenye 12 anasimama mara 3. Mwenye 13, 14 na 15 naye mara 3. Ule mzunguko wa 13 uliokuwa dhahabu kwenye fainali ya saa 1, hapa hauna kazi.

Rudi kwenye fainali ya saa 1 uone ukubwa wa kinachotafutwa. Cc 125 kwa mizunguko 12 ni cc 10.4 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 13 ni cc 9.6. Tofauti ni cc 0.8, hata robo ya kijiko cha chai haifiki. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema anataka gari libane mafuta bila kusema kiasi gani. Kiasi kinajulikana, na mara nyingi ni kidogo kuliko anavyofikiri.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaifanyi, na nadhani ndiyo inayopaswa kubandikwa ukutani. Kituo kimoja kinakugharimu muda gani? Inategemea urefu wa njia ya piti na wepesi wa mjazaji wako. Tuseme sekunde 7. Zigawe kwa mizunguko 91: unapata chini kidogo ya sekunde 0.08. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa unayoweza kulipa kwa kila mzunguko ili uokoe kituo kimoja. Ukiifanya injini iwe nzito kiasi cha kupoteza sekunde 0.1 kwa mzunguko, umepoteza sekunde 9.1 ili uokoe 7. Umebana mafuta na umeshindwa mbio. Kwa haki, kituo kina gharama nyingine ambazo saa haizipimi: mfuniko unaweza usifunge vizuri, injini inaweza kuzima mikononi mwa mjazaji, unaweza kurudi uwanjani katikati ya kundi. Kwa hiyo ningekihesabu kituo kuwa na uzito zaidi ya sekunde zake. Lakini msimamo wangu haubadiliki: kwanza yatafute mafuta yanayopotea bure, yale ambayo ukiyaokoa gari halipungui mwendo hata kidogo. Yapo mengi.

Ili uyaone, inasaidia kujua kwa nini injini hizi zina kiu namna hii. Hazitumii petroli, zinatumia methanoli iliyochanganywa na nitromethani, ile tunayoiita nitro. Petroli kilo 1 inahitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Methanoli kilo 1 inahitaji kama 6.5 tu. Nitromethani inahitaji 1.7, kwa sababu molekuli yake ina oksijeni yake yenyewe. Igeuze: kwa hewa ileile inayoingia kwenye silinda, unaweza kuchoma methanoli zaidi ya mara mbili ya petroli, na nitromethani mara nyingi zaidi. Nguvu ya nitro inatoka hapo, na kiu yake inatoka hapo hapo. Ukipanda kutoka asilimia 25 ya nitro kwenda 30 utalazimika kufungua sindano, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, na tangi litakwisha mapema. Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni iliyoanza kutumika 2021, uliwazuia watu wasio na kibali kununua mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya asilimia 16 kwa uzito, kwa kuwa inaweza kutengenezewa vilipuzi. Madereva wengi walilalamika kuhusu nguvu. Wachache waligundua kwamba kwa nitro kidogo sindano inakazwa, shimu moja, kisahani chembamba, inatolewa chini ya kichwa cha injini ili mgandamizo upande, na tangi linafika mbali zaidi. Kama kanuni za mashindano yako zinakuruhusu kuchagua, na uwanja ni mdogo wenye kona nyingi, asilimia za nitro ni mahali pa kwanza pa kujiuliza kama unalipia nguvu usiyoitumia.

Sasa sindano. Kila anayetaka kubana mafuta mkono wake unakwenda kwanza kwenye bisibisi, na bisibisi inakwenda kwenye sindano kubwa, ile ya resi ya juu. Anakaza kidogo, gari linachangamka, anakaza tena. Tatizo ni kwamba katika injini hizi oili ya kulainisha imechanganywa ndani ya mafuta, sehemu kama 8 hadi 12 kwa mia. Ukipunguza mafuta umepunguza na oili. Tena methanoli inapogeuka mvuke hufyonza joto jingi sana, na sehemu kubwa ya kupoa kwa injini inafanywa na mafuta yenyewe yanayoingia. Kwa hiyo unainyima mashine vitu viwili kwa mpigo, kilainishi na kipozeo, na unafanya hivyo mwishoni mwa mnyoofu, ile sehemu ndefu isiyo na kona, ambako injini inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Waya wa plagi unakufa kwanza. Ukiwa na bahati mbaya, fito ya pistoni inafuata. Mimi sindano kubwa naipangia afya ya injini, kisha naiacha.

Sindano ndogo ndiyo inayoficha mafuta. Kwenye uwanja wa vumbi gari hutumia sehemu ndogo tu ya mzunguko kabureta ikiwa wazi kabisa. Muda uliobaki ni kuingia kona, kutoka kona, kugusa kidogo kabla ya kuruka, kuachia. Huko mafuta yanatawaliwa na sindano ndogo na ile ya kati, kama kabureta yako inayo. Gari linaloacha wingu zito la moshi likitoka kona ya polepole, kisha linasita kabla ya kushika, linakunywa bure. Kipimo chake ni cha zamani na bado ni kizuri: injini ikiwa imepata joto lake na iko silensa, yaani inanguruma taratibu bila kidole kugusa kitu, bana mpira wa mafuta kwa vidole karibu na kabureta. Injini inapaswa kuendelea kwa sekunde 3 hivi, ipandishe resi kidogo, kisha izime. Ikizima papo hapo, imenyimwa. Ikiendelea kwa muda mrefu huku resi ikipanda sana, imejaa mafuta kupita kiasi. Kila unapogusa sindano ndogo, silensa nayo inabadilika, kwa hiyo rudi uipange upya.

Silensa yenyewe ni jambo ambalo watu hawalisemi sana. Dereva akiogopa gari kuzima kwenye kona anapandisha silensa. Injini sasa inaanza kusukuma klachi hata wakati kidole hakijagusa kitu. Gari halisimami vizuri, basi anaongeza breki. Breki na injini vinapigana kwenye kila kona, mizunguko 91, na vita hiyo inalipiwa na tangi. Nimewahi kuona gari likipata karibu mzunguko mzima kwa kuteremsha silensa na kurekebisha sindano ndogo peke yake, na dereva akashangaa kwamba breki nazo zimekuwa nzuri.

Baada ya hapo naangalia koo la kabureta, kile kipete kinachoingizwa ili kupunguza tundu la hewa. Kutoka milimita 7 kwenda 6.5 inasikika kama mzaha, lakini eneo la tundu linapungua kwa asilimia 14. Hewa inapita kwa kasi zaidi, mafuta yanachanganyika vizuri zaidi, injini inakuwa laini chini na inapoteza kidogo juu kabisa. Kwenye uwanja wenye mnyoofu mrefu utaiona hasara hiyo. Kwenye uwanja wa kona nyingi nimeona madereva wakipata muda bora kwa kipete kidogo, kwa kuwa magurudumu yanaacha kuzunguka bure. Hapo ndipo kubana mafuta kunapolipa mara mbili. Ukibadilisha kipete, sindano zote zipangwe upya. Usiseme hakifai kabla hujafanya hivyo.

Bomba la moshi linastahili aya yake. Injini ya mipigo miwili, kama hizi zetu, ina kasoro ya kuzaliwa: wakati mchanganyiko mpya unaingia kwenye silinda, tundu la kutolea moshi bado liko wazi, na sehemu ya mafuta mabichi inatoka moja kwa moja bila kuungua. Bomba lenye umbo la koni mbili lipo ili kulirekebisha hilo. Wimbi la mgandamizo linakwenda hadi mwisho wa bomba, linagonga, linarudi, na likifika kwa wakati linayasukuma mafuta yaliyotoroka yarudi ndani kabla pistoni haijafunga tundu. Neno la muhimu ni wakati. Bomba fupi, pamoja na shingo fupi inayoliunganisha na injini, limepangiwa resi kubwa. Ukiliendesha kwa resi za katikati, wimbi linawahi kabla ya kazi kuanza na mafuta yanakwenda zake. Kwa hiyo shingo ndefu kidogo mara nyingi huongeza mizunguko bila kuigusa sindano: wimbi linaanza kufanya kazi kwenye resi ambazo kweli unazitumia. Ukiona kuna oili mbichi nyingi inadondoka kwenye ncha ya bomba lako, hiyo ni safari ya mafuta ambayo hayakufanya kazi.

Klachi na gia nitazipitia haraka. Klachi yenye springi ngumu inachelewa kushika, na kila inapochelewa injini inapiga resi bila gari kusogea. Viatu vya klachi vilivyoisha vinateleza na kutengeneza joto. Kuongeza jino moja kwenye gia ya klachi kunashusha resi kwa kasi ileile na kunaweza kukupa mafuta, lakini kwenye uwanja wenye kona nyingi za polepole kutaichosha klachi na faida yote itarudi ilikotoka.

Kuna kazi moja isiyo na utaalamu wowote ambayo naiweka juu ya hizi zote: lisukume gari kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Linapaswa kwenda kwa hiari. Breki zikiwa zinagusa kidogo, beringi moja ikiwa imekufa, gia mbili zikiwa zimebanana mno au ekseli moja ikikwama pale mkono unaoshika gurudumu unapopanda, injini itaisukuma hitilafu hiyo saa nzima. Hakuna sindano itakayokufidia. Na ukiliangalia gari likitoka kona ukaona magurudumu ya mbele yanavimba na kuzunguka ovyo, weka oili nzito zaidi kwenye difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gurudumu linalozunguka hewani limekula mafuta na halijakupeleka popote.

Kisha tangi, ambako watu wengi wanapoteza mzunguko mzima bila kujua. Mafuta hayafiki kabureta kwa uzito wake. Yanasukumwa na mgandamizo unaoletwa na mpira mwembamba kutoka kwenye bomba la moshi. Mpira wa pete kwenye mfuniko ukichoka, mgandamizo unavuja, injini inabadilika tabia tangi linapopungua, na dereva anafungua sindano ili awe salama. Ameongeza ulaji kwa sababu ya kipande cha mpira. Lakini hilo ni dogo ukilinganisha na mafuta yanayobaki chini. Liache gari likimbie kwenye mazoezi hadi linapoanza kukata kwenye kona, lisimamishe mara moja, kisha vuta mabaki kwa bomba la sindano la plastiki uyapime. Ukikuta cc 8, hesabu upya: ulidhani una 125, kumbe una 117. Kwa cc 9.6 kwa mzunguko hiyo ni mizunguko 12 na kidogo, na ile 13 uliyoipigania haipo. Sababu mara nyingi ni mdomo wa kuvutia mafuta kukaa upande usiofaa. Uwanja wenye kona nyingi za kulia unayatupa mafuta kushoto mwa tangi, mdomo unavuta hewa, injini inakata huku mafuta yapo. Kuusogeza mdomo huo, au kubadilisha chujio la ndani lililoziba, ni kazi ya dakika chache. Hakuna senti ya kasi iliyotumika.

Joto nalo lina mkono hapo. Methanoli inatanuka kama asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chupa iliyokaa juani ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya ile iliyokaa kivulini inakujazia cc 125 zilezile, lakini ndani yake kuna mafuta pungufu ya karibu asilimia 2.4, sawa na cc 3. Theluthi ya mzunguko inapotea kwa kusahau kivuli. Mjazaji naye akiminya chupa kwa pupa anatengeneza povu, mfuniko unafungwa tangi likionekana limejaa, na povu likitulia linaacha pengo.

Dereva nimemwacha nyuma kwa makusudi kwa sababu hapendi kusikia habari zake. Gari lilelile, mafuta yaleyale, mikono miwili tofauti, na ulaji unatofautiana mzunguko mzima. Anayepiga resi gari likiwa hewani zaidi ya inavyohitajika kuinua pua yake, anayegonga kidole gonga-gonga katikati ya kona badala ya kukishikilia mahali pamoja, anayebana hadi mwisho kisha kuvunja breki pale ambapo angeachia mapema akateleza kwa kasi ileile. Kwenye rimoti unaweza kuulainisha mwanzo wa kidole, na hata kupunguza ufunguzi wa mwisho wa kabureta kwa asilimia chache. Baadhi ya madereva niliowaona wakifanyiwa hivyo bila kuambiwa walitoka wakisema gari leo limetulia.

Unapopima haya yote, pima kwa mzunguko, usipime kwa dakika. Jaza tangi hadi juu, kimbia mizunguko michache unayoihesabu kwa mwendo wa mashindano, kisha pima kiasi kinachohitajika kulijaza tena. Badilisha kitu kimoja, rudia. Usilikimbize gari mpaka lizime kila mara ili upate namba, kwa maana sekunde za mwisho za tangi tupu ndizo sekunde ambazo injini inanyimwa oili kuliko zote.

Na ule mzunguko wa 14, niliosema haupunguzi kituo? Usiutupe. Mwenye mizunguko 13 kamili lazima aingie piti kwenye mzunguko wa 13, apende asipende, hata kama gari tatu zinaingia pamoja naye. Mwenye 14 ana mizunguko 7 ya ziada ya kugawa kwenye fainali nzima. Anaweza kuingia mapema njia ikiwa tupu, au kusubiri mmoja zaidi wengine wanaposongamana. Tena fainali nyingi huanza jua likishuka. Hewa ikipoa inakuwa nzito, injini iliyopangwa mchana inajikuta ina hewa nyingi kuliko mafuta, na lazima uifungulie sindano kubwa kidogo. Ulaji unapanda. Aliyekuwa na 13 mchana anabaki na 12 na kipande, na anarudi kwenye vituo 7. Aliyekuwa na 14 anashuka hadi 13, na vituo vyake bado ni 6.